Ameniuliza mbwa alikuwa anaitwaje

Kwa miezi minne kila Jumanne nilikuwa na kibarua ambacho sikukiomba, kumpeleka mdogo wangu kwa mshauri nasaha, kumsubiri nje saa nzima, alafu kumrudisha kwake. Nikisema mdogo wangu namaanisha mtoto wa mama mdogo, mwanaume mzima ana mke na watoto wawili, ila gari aliliuza alipopoteza kazi na mama mdogo akanipigia akasema mwanangu wewe ndo mwenye usafiri, na mama mdogo akishakwambia hivo huna pa kutokea. Hakuwa anaenda kwa kupenda. Mahakama ndo ilimpeleka. Alikutwa na hatia ya kumtesa mnyama, akapigwa faini, akawekwa chini ya uangalizi mwaka mmoja, akakatazwa kufuga mnyama yeyote kwa miaka 3, na mwishoni kabisa hakimu akaongeza lile sharti lililofanya ukoo mzima ucheke, vikao 16 vya tiba ya kisaikolojia, lazima, ripoti ya mahudhurio iwe inaenda mahakamani, ukikosa bila sababu ya maana unaenda kumalizia ndani.

Alichofanya nisikizungushe. Alimpiga mbwa wa nyumbani kwake kwa kipande cha bomba, usiku, getini, mbwa akiwa amefungwa mnyororo. Jirani alirekodi kwa simu akiwa juu ya ukuta. Klipu ni kama sekunde 40 hivi, mi niliiangalia mara moja tu tena sauti nimezima, na mpaka leo nikisikia mnyororo unaburuzika kwenye sementi tumbo linanivuruga. Mbwa hakufa. Alivunjika mbavu mbili na mguu wa nyuma, ule mguu haukurudi sawa, akachukuliwa na watu wengine na huko yupo anachechemea na maisha yake.

Sasa klipu ikasambaa, na mnajua klipu zikisambaa inakuwaje. Huku mtandaoni watu wanaandika afungwe maisha, apigwe kwa bomba hilohilo, mmoja akaandika apewe sumu ya panya, eti huyo ndo mtetezi wa wanyama. Huku nyumbani nako mjomba anasema watu wanaoua watu wako nje wanakula raha, huyu anapelekwa kwa daktari wa vichaa kisa jibwa. Mi nilikuwa katikati na niseme ukweli nilikuwa upande wa mtandaoni, sio kwenye sumu ya panya lakini nilitaka akalale ndani. Hizo tiba niliona ni kumtoa mtu kwa mlango wa nyuma. Yani umevunja mbavu za kiumbe kilichofungwa mnyororo, alafu adhabu yako ni kwenda kukaa kwenye kiti chenye mto uulizwe utotoni baba alikuwa anakukumbatia ama vipi?

Nimebadilika kidogo. Sio sana, kidogo, na nataka kueleza ni wapi hasa nimebadilika, kwasababu kila hii mada ikija watu wanabishana jela ama tiba kana kwamba ni chai ama kahawa, chagua kimoja.

Kwanza tujue tunaongelea nini. Hii ya kumlazimisha mtu kwa amri ya mahakama sio kitu cha jana. Marekani majimbo mengi yana vifungu vya namna hiyo, tofauti yao ni kwamba kuna pengine sheria inamwambia hakimu "unaweza" na pengine inamwambia "lazima". California ni lazima. Mtu akihukumiwa chini ya kile kifungu chao cha 597, cha ukatili kwa wanyama, na akapewa uangalizi badala ya kutumikia kifungo chote, hakimu inabidi amwamuru amalize ushauri nasaha wa kupima na kutibu tabia yake, na gharama anabeba mwenyewe, kama hana uwezo kuna namna ya kumpunguzia. Illinois wao wamekaa wakafikiria zaidi, niliposoma nikasema hawa wana akili, lazima ya kupimwa na mtaalamu wa akili wameiweka kwa watu wa aina mbili, watoto na wale wanaolimbikiza wanyama ndani ya nyumba. Nitarudi hapo maana ndo penye utamu.

Kwengine nguvu nyingi imeenda kwenye kurefusha vifungo. Uingereza mpaka 2021 adhabu ya juu kabisa ya kumtesa mnyama ilikuwa miezi 6, sasa hivi ni miaka 5. Marekani sheria ya taifa zima ya 2019 inafika miaka 7. Mi nashangilia, sipingi hata kidogo, ila hebu tujiulize, miaka 5 inaisha. Siku ya kutoka anatoka na kile kichwa alichoingia nacho, anarudi kwenye nyumba ileile, kuna watoto, kuna mke, kuna kuku, kuna paka wa jirani anapita juu ya bati.

Basi tulianza. Kikao cha kwanza alitoka anacheka. Kwenye gari akaniambia dada, yule mama hajui kitu, ananiuliza maswali ya chekechea. Cha pili vilevile. Pale pa kusubiria palikuwa na viti vitatu vya plastiki na saa ya ukutani iliyokuwa inakwenda mbele dakika saba, na mi nilikuwa nakaa nahesabu hela ya mafuta ninayochoma. Hakuna nilichowahi kusikia kutoka chumbani, haya ninayoandika kanisimulia mwenyewe njiani na ameniruhusu niyaandike mradi nisimtaje jina, ambalo hata hivyo nisingelitaja, mama mdogo angenitoa roho.

Kikao cha nne akatoka kimya. Tumeendesha mpaka tumekaribia kwake ndo akasema, "Ameniuliza mbwa alikuwa anaitwaje."

"Ukasemaje?"

"Nikasema Bobi."

"Alafu?"

"Basi. Akaandika kwenye karatasi. Akaniambia kuanzia leo tukiongea tutumie hilo jina."

Wakati ule sikuona uzito wake. Nilikuja kuuona baadae, nilipoanza kusikiliza anavyoongea. Tangu kesi ianze, nyumbani, polisi, mpaka mbele ya hakimu, huyu bwana alikuwa anasema "lile jibwa". Jibwa lilikuwa linabweka, jibwa limenikera, nikaligusa kidogo likatulia. Li, li, li. Sisi wenye hii lugha tunajua ukishamtoa kiumbe kwenye "yule" ukampeleka kwenye "lile" umeshamfanyia kitu, umemgeuza dude, na dude halina maumivu, unalipiga teke kama debe. Kuna wakati jibwa ni jibwa kweli kwa ukubwa, sikatai, ila Bobi alikuwa mbwa wa kawaida tu, tena mwembamba. Na huwezi kusema "Bobi lilikuwa linabweka". Jaribu kwa sauti. Ulimi unakataa. Ukitaja jina inabidi useme Bobi alikuwa anabweka, na ukishasema alikuwa, sentensi inayofuata inaanza kukudai, alikuwa anabweka kwanini, alikuwa anamngoja nani pale getini usiku ule.

Sijui yule mama mshauri alifikiria mambo ya ngeli ama ndo utaratibu wake tu kwa kila mtu. Lakini ilifanya kazi.

Nikaanza kusoma wanachofanya humo vyumbani. Kuna utaratibu unaitwa AniCare, ulitengenezwa Marekani mwaka 1999 maalum kwa watu wazima waliotesa wanyama, baadae wakatengeneza na wa watoto. Sio kulala kwenye sofa ukaongelea ndoto. Kinachoshughulikiwa mwanzo kabisa ni kuwajibika, yani yale maneno ya kupunguza, "nilimgusa tu", "ye ndo alianza", "nilikuwa nimelewa", "kila mtu anafanya", yanachukuliwa moja moja yanawekwa mezani. Alafu ndo unaingia kwenye kuvaa viatu vya mwingine, kwenye namna ya kuishi na kiumbe kinachokutegemea, mambo hayo. Alichopata mdogo wangu sijui kama ndo hicho chenyewe lakini kinafanana sana. Kikao cha sita ama cha saba mama yule alimtolea ripoti ya daktari wa mifugo, ileile iliyokuwa kwenye faili la kesi, akamwambia asome kwa sauti. Ubavu wa tisa na wa kumi kushoto. Mguu wa nyuma kulia, mfupa wa paja. Jeraha la shingoni la mnyororo, la zamani. Hilo la mwisho mahakamani halikuongelewa kabisa, la zamani, maana yake mnyororo ulikuwa unamla shingo kabla hata ya bomba. Alisema alisoma mpaka hapo akaomba maji.

Na hapa ndo nakuja kwenye lile linaloniwasha.

Watu wengi, na mahakimu nadhani wamo, wakisikia tiba kwa mtesa wanyama wanafikiria darasa la kudhibiti hasira. Hesabu mpaka kumi, vuta pumzi, toka nje utembee. Na mdogo wangu mwenyewe ndo alikuwa anajitetea hivyohivyo, dada nina hasira, nimefukuzwa kazi, madeni, kichwa kimejaa. Nikawa namwonea huruma kidogo. Mpaka siku wifi, mke wake, aliponiambia kitu jikoni kwao, anaosha vyombo kanipa mgongo, hata hakugeuka. Akasema, "Wifi, siku ile bomba halikuwa la Bobi. Mi nilikuwa dirishani na yeye alijua niko dirishani."

Bobi alikuwa mbwa wa wifi. Alikuja nae toka kabla ya ndoa, akiwa mtoto wa mbwa.

Sikupata cha kumjibu. Nikachukua taulo nikaanza kufuta sahani.

Sasa niambie hiyo ni hasira? Hasira gani yenye adabu namna hii? Bosi aliyemfukuza hakumgusa. Mwenye nyumba anayekuja kudai kodi anamfokea mbele ya wanae, hamgusi, anamwita mzee shikamoo. Polisi waliomkamata aliwapa mikono yake kwa upole kabisa. Hasira zake zote zilipita pembeni ya watu wenye nguvu zikaenda kumkuta aliyefungwa mnyororo, tena mbele ya dirisha ambalo mke amesimama. Hasira inayochagua namna hiyo haitibiwi kwa kuvuta pumzi. Mtu huyo hajashindwa kujizuia, amejizuia siku nzima vizuri sana, amejiachia pale tu anapojua hakuna wa kumrudishia.

Na wala hili sio la kwetu peke yetu. Mwaka 1998 mtafiti anaitwa Frank Ascione alichapisha mahojiano na wanawake 38 waliokimbilia nyumba ya hifadhi huko Utah, Marekani, baada ya kupigwa na waume ama wapenzi wao, na kati ya waliokuwa na wanyama nyumbani karibu 7 katika kila 10 walisema mwanaume aliwahi kumtishia, kumuumiza ama kumuua yule mnyama. Ni kikundi kidogo, lakini tafiti nyingi zilizofuata zimekuta kitu hichohicho. Mnyama anatumika kama barua. Ujumbe sio wa mbwa, ujumbe ni wa yule anayeangalia, naweza, umeona, na wewe naweza. Kuna wanawake wanachelewa kuondoka kwenye nyumba za hivyo kwasababu mnyama hawawezi kwenda nae na wanajua wakimwacha nini kitampata.

Kwahiyo tiba ya lazima nakubali, ila anayetibu lazima apewe faili lote na lazima azungumze na wa nyumbani, peke yao, sio mume amekaa pembeni anakohoa. Ukimwacha mtuhumiwa ndo awe shahidi pekee wa maisha yake utapata hadithi ya mtu mwenye stresi. Wifi aliitwa kikao cha tisa. Hakimu hakuagiza hilo, ni yule mama tu aliuliza, na mke angeweza kukataa. Je asingeuliza? Vikao 16 vingeisha vizuri kabisa, cheti kingetoka, na jambo lenyewe halijaguswa.

Ila hapohapo tusipitilize. Kuna ule upande mwingine unaonikera sawasawa, wale wanaoposti kila mara kwamba leo paka kesho binadamu, wauaji wote walianza na wanyama, mtoto akimpiga mjusi jiwe mpelekeni polisi. Hii imani ina mizizi ya zamani, kuna daktari wa akili J. M. Macdonald mwaka 1963 aliandika kuhusu wagonjwa wake waliotishia kuua, akataja mambo matatu ya utotoni, kukojoa kitandani, kuchoma moto vitu na kutesa wanyama, na mpaka leo watu wanayanukuu kama aya, wakati tafiti za baadae hazikuweza kuthibitisha kwamba hayo matatu yanatabiri mauaji. Jamani mtoto anayekojoa kitandani anakojoa tu kitandani, mwacheni. Alafu 1999 ikatoka kazi ya Arnold Arluke na wenzake, walichukua watu 153 walioshtakiwa kwa kutesa wanyama Massachusetts wakawalinganisha na majirani zao wa jinsia moja na umri unaokaribiana. Kweli wale watesaji walikuwa na makosa mengine mengi zaidi, ya ukatili kwa watu, ya wizi, ya madawa. Lakini kile cha kwanza mnyama alafu mtu hakikuonekana, kosa la mnyama lilikuja kabla ama baada ya mengine, bila mpangilio. Maana yake ni nini? Mi naisoma hivi, kumtesa mnyama sio ngazi ya kwanza ya kupandia kwenda juu, ni moshi kwenye nyumba ambayo huenda inawaka vyumba kadhaa kwa pamoja. FBI wenyewe, wale wapelelezi wa Marekani, tangu 2016 wanahesabu ukatili kwa wanyama kama kundi la kosa linalosimama peke yake kwenye takwimu zao, zamani ulikuwa unatupwa kwenye kapu la "mengineyo".

Na ndo maana sitaki tiba moja ya wote. Zamani kidogo, 1985, Stephen Kellert na Alan Felthous walihoji wafungwa na watu wa kawaida kuhusu kwanini waliwatesa wanyama wakapata sababu tisa, na ukizisoma unaona hazifanani hata kidogo. Kuna anayetaka kumtawala mnyama. Kuna anayelipiza kisasi kwa mnyama aliyemkosea. Kuna anayechukia tu aina fulani, paka mara nyingi. Kuna anayefanya ili wenzake washtuke wacheke, huyu siku hizi ana simu na anataka laiki. Kuna anayemlenga mtu mwingine kupitia mnyama, huyo tumeshamwona. Na kuna anayefurahia maumivu yenyewe, bila sababu nyingine, huyo mi naogopa hata kumfikiria na sidhani kama vikao 16 vinamtosha. Sasa hawa wote uwaweke chumba kimoja uwafundishe kuhesabu mpaka kumi?

Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani tangu toleo la 1987 unahesabu ukatili kwa wanyama kama dalili mojawapo ya tatizo la tabia kwa watoto na vijana. Dalili mojawapo, sio hukumu. Mtoto wa miaka sita anayemvuta paka mkia mara nyingi anataka kujua tu itakuwaje, unamwonyesha, unamshika mkono unampitisha taratibu mgongoni mwa paka, yameisha. Wa miaka kumi na mbili anayejificha kufanya, anarudia, na akiona damu anatulia, huyo ni wa kukaa nae haraka sana, na swali la kwanza sio "kwanini unafanya hivi" ila "nani anakufanyia nini", maana watoto wengi wa hivyo wanarudisha chini kile kinachowashukia kutoka juu. Hapo Illinois kusema mtoto lazima apimwe naona wamepiga penyewe.

Na wale walimbikizaji. Hawa wananihuzunisha kuliko wote. Mtu ana paka 60 ndani ya vyumba viwili, wengine wamekufa chini ya kitanda, kinyesi mpaka kwenye sufuria, na ukimuuliza anakwambia anawapenda, anawaokoa, nje watauawa. Na anaamini. Hana hata chembe ya kutaka kuumiza, wakati wanyama wameumia kuliko waliopigwa. Tangu 2013 kulimbikiza vitu kumewekwa kwenye ule mwongozo kama ugonjwa unaojitegemea na kulimbikiza wanyama kunatajwa humo. Huyu umpige faini, umnyang'anye wote sitini, baada ya mwaka rudi utakuta thelathini. Bila tiba na bila mtu wa kupita kuchungulia mara kwa mara unapoteza muda wako. Kwa huyu hata jela mi sioni inafundisha nini.

Alafu kuna ambaye hahitaji mwanasaikolojia kabisa, mnaojadili hii mada huwa mnamsahau. Mzee anayemtwisha punda mzigo wakati mgongo una kidonda, hana hela ya dawa na hajui kwamba ngozi ya kiti ndo inayomchuna. Mpe dawa, mpe mtu wa kumwonyesha namna ya kufunga mzigo, mkague baada ya mwezi. Ukimpeleka huyo kwenye tiba ya kuvaa viatu vya mwingine anakushangaa, viatu vyenyewe hana.

Haya, kulazimisha kunawezekana? Mtu akienda kwasababu anaogopa jela si ataigiza tu? Ataigiza. Mdogo wangu aliigiza vikao vitatu, aliniambia mwenyewe, alikuwa anajifunza majibu. Shida ya kuigiza ni kwamba kunachosha, na mtu akija kila wiki kwa miezi minne kuna siku atakuja amechoka. Tafiti zilizofuatilia kwa miaka mingi waliopita kwenye hizi programu ni chache, kwahiyo anayekwambia zinaponya asilimia kadhaa muulize kazitoa wapi. Kuna na suala la siri, maana mshauri anapeleka ripoti mahakamani na mtu anajua, anaongea kwa kupima. Kwa yule mama walikubaliana mapema, mahakamani yanaenda mahudhurio na ushirikiano, maneno ya chumbani yanabaki chumbani, isipokuwa akisema anataka kumdhuru mtu ama mnyama. Hiyo naona ni sawa. Gharama nayo ni kitu, wataalamu wanaojua hili jambo ni wachache kila mahali, na ukimpa mshauri wa kawaida asiyejua kuuliza habari za mnyama ataongea nae kuhusu ajira miezi minne.

Lakini kuna kimoja sitaki kuona, tiba iwe badala ya kila kitu kingine. Faini ilibidi. Marufuku ya kufuga ilibidi, na kwangu mimi ndo muhimu kuliko vyote, kwasababu wakati mtu anajifunza, asijifunzie kwa kiumbe hai.

Vikao viliisha. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeokoka. Wifi na watoto walihama wakakaa kwa kina wifi karibu mwaka, wakarudi, hilo lina habari zake na sio zangu kuziandika. Kazi alipata nyingine. Mnyororo alikuja kuung'oa getini mwenyewe, nilikuta shimo la msumari tu ukutani.

Ile miaka mitatu inaisha mwezi ujao. Mbwa wangu amezaa, watoto wanne, watatu wana wenyewe tayari. Jumapili alikuja, akachuchumaa pale kibarazani muda mrefu, hakuwashika, mikono kaiweka magotini. Alafu bila kuniangalia akauliza, "Dada, yule mwenye doa jichoni, ameshapata kwao?"

Nilisikia alivyosema yule. Nilisikia vizuri sana.

Nimemwambia nitaongea na wifi kwanza.